Adhirasamu: chakula cha chai kinachomngoja mama



Juma hili ninaleta kwenye ukurasa wetu chakula cha chai kutoka mbali. Kinaitwa adhirasamu. Ni cha watu wa kusini mwa India, hasa Watamil wa jimbo la Tamil Nadu. Kinatengenezwa kwa mchele na sukari ya miwa, kinakaangwa katika mafuta, na watu wanakila jioni, jua likianza kupoa, pamoja na chai ya maziwa au kahawa. Umbo lake ni la duara, bapa, rangi ya kahawia kama ngozi ya tende. Nje kinakauka kidogo, ndani kinabaki laini na cha kutafuna. Hamna unga wa ngano hata kijiko kimoja, hamna hamira, hamna mayai.

Mtaniuliza, mwalimu, mandazi yetu yamekosa nini mpaka utupeleke India? Mandazi hayakukosa kitu, na mimi nayala kila juma. Lakini mandazi hayamngoji mtu. Mama anayeyauza hapa Bukavu anaamka usiku wa manane, anakanda, anawasha mbabula, anakaanga, ili kabla ya saa moja ya asubuhi awe barabarani. Yasiponunuliwa siku hiyo, kesho yamekuwa magumu na faida imeliwa nyumbani. Adhirasamu ni tofauti. Kinyunga chake kinaweza kulala siku mbili kikimngoja mama apate nafasi, na zikisha kukaangwa zinaweza kukaa ndani ya ndoo yenye kifuniko juma zima zikimngoja mnunuzi. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Nilijifunza adhirasamu mjini Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, kando ya bahari. Sikwenda huko kutembea. Nilimsindikiza mama yangu mzazi, aliyehitaji kupasuliwa moyo. Familia ilichanga, shemeji aliuza kiwanja, na likelemba ya kikundi chetu ilinipa zamu yangu kabla ya wakati wake. Wanaosoma hapa wanajijua, na ninawashukuru tena. Tulikaa huko majuma kumi, kuanzia mwezi wa tisa. Tulipanga chumba kimoja juu ya nyumba ya mama mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye njia nzima ilimwita Amma. Kwa Kitamil amma ni mama tu. Basi na mimi nilimwita Mama, na yeye akaniita binti, tukaelewana kwa Kiingereza chake kidogo na changu kidogo nilichokipata pale kwenye taasisi ya ualimu.

Baada ya kupasuliwa, mama yangu alikataa chakula. Wali upo, lakini mchuzi ulikuwa na pilipili na ukakasi ambao ulimi wake haukuujua. Siku zilipita akinywa uji tu. Jioni moja Amma alipanda ngazi na chai katika vikombe vya chuma na sahani moja ya adhirasamu. Daktari alikuwa ameruhusu kipande kidogo cha kitu chochote atakachokitaka. Mama alikula nusu, akafikiri, akaniuliza: «Hii mandazi ni ya nani?» Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali aulize habari ya chakula. Leo mama yupo, anatembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi. Sisemi kwamba adhirasamu ilimponya. Waganga ndio waliomponya. Nasema tu kwamba siku ile nilishuka jikoni kwa Amma nikamwomba anifundishe.

Jikoni ndipo nilipojua kwamba chakula kile kilikuwa zaidi ya utamu. Mume wa Amma alifariki watoto wakiwa wadogo. Pembeni ya njia yao kulikuwa na kibanda cha chai, kama vile vilivyo vingi mjini kule. Jioni vinajaa watu wanaokunywa chai wakiwa wamesimama. Vibanda hivyo vinauza bajia, na vada, yaani vitumbua vya chumvi vya dengu. Lakini hivyo ni vya kuliwa vikiwa moto. Vikilala, vimekufa. Mjane mwenye watoto wawili na mbabula moja hawezi kusimama kibandani kutoka saa tisa mpaka usiku. Amma alichagua kitu kinachotengenezwa mara moja kwa juma, watoto wakiwa shuleni, na kupelekwa kibandani ndani ya kopo. Mwenye kibanda aliuza polepole, siku sita, siku saba, bila hasara. Watoto wote wawili walimaliza masomo.

Kabla ya Deepavali, sikukuu yao ya taa inayoangukia mwezi wa kumi au wa kumi na moja, karibu kila nyumba ya Watamil inataka adhirasamu. Amma alipata maagizo mengi kuliko mikono yake. Mimi nilitwanga, nikachunga, nikakoroga, na yeye akanisamehe kodi ya chumba kwa majuma mawili. Pesa zetu zilikuwa zimefika chini kabisa, kwa hiyo msamaha ule sitausahau. Mahali pengine huko kusini chakula hichohicho kina majina mengine: watu wa Andhra Pradesh wanakiita ariselu, wa Karnataka wanasema kajjaya. Kila mama anakwambia cha kwao ndicho cha kweli, kama sisi na sombe.

Sasa tuingie jikoni. Vipimo hivi ni vya kilo moja ya mchele. Vinatoa adhirasamu kama 45 za ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Vinavyohitajika: mchele mweupe mbichi, kilo 1 (wa bonde la Ruzizi unafaa sana), sukari ya miwa ya rangi ya kahawia, gramu 700 mpaka 750, maji, kikombe kimoja tu, iliki iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai, au tangawizi kavu kama iliki ni ghali, ufuta, vijiko viwili ukiwa nao, chumvi kidogo, samli au mafuta kidogo ya kupaka, na mafuta ya kukaangia yasiyo na rangi wala harufu kali. Mawese mekundu tuyaache kwa sombe.

Neno moja juu ya sukari. Amma hakutumia sukari ya dukani. Alitumia vellam, yaani maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda kuwa bonge la kahawia. Walioishi Tanzania, Kenya au Uganda wanalijua bonge hilo kwa jina la sukari guru, na hilo «guru» limetoka kwa Wahindi wenyewe, ambao kaskazini wanaliita gur. Chapati na bajia zilitufikia kwa njia hiyohiyo, na lugha yetu ikazipokea kama watoto wa nyumbani. Hapa kwetu sukari guru si rahisi kuipata. Ukitaka kuitengeneza mwenyewe, maji mengi ya miwa yanakupa sukari kidogo tu, na makala utakayochoma yatakula faida yote. Kwa hiyo tumia sukari ya kahawia. Ladha inapungua kidogo, kazi haipungui.

Siku ya kwanza. Osha mchele, uloweke saa mbili mpaka tatu. Mwaga maji, uutandaze juu ya kitambaa safi kivulini, si juani. Usiuache ukauke. Chukua punje mkononi, ufumbe ngumi: zikikushika kiganja bila kukulowesha, ni wakati wake. Sasa twanga kwa kinu na mchi. Usiupeleke kwenye mashini ya kusaga, kwa sababu mwenye mashini atakukatalia: mchele wenye unyevu unaziba mawe. Chunga kwa chekeche nyembamba, kinachobaki kirudishe kinuni. Unga unaotoka una ubaridi wa maji ndani yake, ukiubana unashikamana. Unyevu huo ndio utakaofanya adhirasamu iwe laini. Unga mkavu wa dukani hautoi kitu kile.

Kisha sukari. Iweke kwenye sufuria nzito pamoja na kikombe kimoja cha maji, moto wa wastani, ukoroge mpaka iyeyuke. Ukiona uchafu, chuja. Rudisha motoni, na hapa usiondoke. Weka karibu yako bakuli ya maji baridi. Povu likianza kupanda na kuwa zito, dondosha tone moja majini. Tone likitawanyika, bado. Likikaa chini na ukaweza kulikusanya kwa vidole likawa kidonge laini kinachobonyea, ondoa sufuria motoni mara moja. Likiwa gumu na kugonga bakuli kama kijiwe, umepita, na adhirasamu zako zitakuwa ngumu. Kati ya «bado» na «umepita» kuna dakika mbili au tatu tu. Amma alikuwa ananyamaza kabisa katika dakika hizo, na ukimwita hajibu. Hapa pia ndipo pa kuwaweka watoto mbali, kwa sababu sukari iliyochemka inanata kwenye ngozi na kuunguza kuliko maji.

Sufuria ikiwa nje ya moto, tia iliki, ufuta na chumvi. Mimina unga kidogo kidogo huku mtu wa pili anakoroga kwa mwiko wenye nguvu. Koma pale kinyunga kitakapokuwa laini kuliko cha chapati, kinachoanguka polepole kutoka kwenye mwiko. Unga ukibaki, uweke, utakufaa kesho. Laza juu, paka samli au mafuta kidogo, funika kwa kitambaa kisha kifuniko, weka mahali pa ubaridi. Hapo kazi ya siku ya kwanza imekwisha. Mama anaweza kwenda shambani, kumuuguza mtoto, kwenda msibani. Kinyunga kinamngoja.

Kilale usiku mmoja kwa uchache. Hapa Bukavu, kwenye baridi yetu ya mlimani, siku mbili hazikidhuru. Ninyi wa Uvira na wa bondeni, joto lenu ni lingine: usiku mmoja unatosha, msikingojee kiwe chachu.

Siku ya pili. Kinyunga kitakuwa kimekaza. Kikande kidogo kwa mkono wenye mafuta. Fanya vidonge vya ukubwa wa ndimu, bonyeza kila kimoja juu ya kipande cha jani la mgomba lililopakwa mafuta, kiwe bapa, unene wa nusu sentimita. Wengine wanatoboa kitundu katikati ili pasibaki ubichi. Pasha mafuta, moto wa wastani, usiwe mkali. Jaribu kwa moja kwanza. Ikivunjika na kutawanyika ndani ya mafuta, kinyunga ni chepesi: ongeza ule unga uliobaki, ukande, ungoje nusu saa. Ikiwa ngumu kufinyangwa, nyunyiza maziwa ya moto kidogo, ukande tena.

Kaanga moja moja, au mbili kama karai ni pana. Inazama, inapanda, inavimba. Igeuze mara moja, itoe ikiwa kahawia, kwa sababu inaendelea kuiva nje ya mafuta. Halafu fanya jambo ambalo mandazi hayafanyiwi: ibane katikati ya miiko miwili bapa mpaka mafuta yatiririke na kurudi karaini. Usiruke hatua hiyo. Adhirasamu isiyobanwa inachosha tumbo, na mafuta yanayorudi ni pesa yako. Zipange upande upande zipoe kabisa kabla ya kuzifunika. Ukizifunika zikiwa na joto, mvuke utazilowesha na ukungu utaingia. Zikipoa vizuri, kopo kavu lenye kifuniko linazihifadhi juma zima bila friji, na kwa Amma nilizila za majuma mawili.

Sasa nisimame kama mwalimu kidogo. Ninafundisha mwaka wa sita wa msingi, darasa linalojiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Tangu serikali ianze elimu ya bure katika shule za msingi za umma, mwaka 2019, madawati yamejaa, na hilo ni jambo jema. Lakini kuwa darasani si kusoma. Kila mwaka nina wasichana wawili watatu wanaoinamisha kichwa kabla ya saa nne, na usingizi unawachukua kabla hesabu haijafika ubaoni. Si wavivu. Wamekuwa macho tangu saa tisa ya usiku, wakikanda pamoja na mama. Wavulana wa nyumba hiyohiyo wamelala mpaka kengele. Siwezi kumwambia mama aache mandazi, kwa sababu mandazi ndiyo yanayonunua daftari na sabuni. Maneno ya mwalimu hayajazi sufuria.

Ndiyo maana niliporudi nilileta adhirasamu katika kikundi chetu. Tulikuwa wamama tisa, Jumamosi tatu mfululizo, kinu kimoja, michi miwili. Miongoni mwetu alikuwako mama mmoja, mjane mwenye watoto sita, anayeuza mandazi kando ya barabara, na binti yake yuko darasani kwangu. Sasa ana mpango wake: siku tatu za juma anauza mandazi, siku tatu adhirasamu. Kinyunga anakitengeneza Alhamisi mchana, anakaanga Ijumaa jioni, watoto wote wakiwa macho, na mvulana mkubwa ndiye mwenye mchi. Mvua yetu ya alasiri ikimfukuza barabarani, zilizobaki anazirudisha ndoo na kesho anazitoa tena. Zamani mvua moja ilimla faida ya siku mbili. Na siku zile za adhirasamu, kitabu changu cha mahudhurio kinaonyesha binti anafika kabla ya kengele. Kichwa chake kiko juu. Alama zake bado si za kujivunia, lakini sasa anauliza maswali, na mtoto anayeuliza ninajua pa kumshika.

Nisiwauzie ndoto. Adhirasamu moja ni ghali kuliko ndazi moja, kwa sababu sukari ni nyingi na bei ya sukari haikai mahali pamoja. Mtoto mwenye noti moja ndogo atachagua ndazi kubwa. Wanunuzi wake ni wengine: wafanyakazi wa ofisi jioni, watu wa harusi na mikutano, msafiri wa basi anayetaka kitu kisichoharibika njiani. Tulipata pia kwamba zikitengenezwa ndogo, nusu ya kiganja, watu wanajaribu bila woga. Tena hiki ni chakula cha sukari na mafuta. Wenye ugonjwa wa sukari wasidanganywe na neno mchele, na watoto wapewe moja, si nne.

Na kazi ya kupika sukari msiifanye peke yenu mara ya kwanza. Mmoja aangalie tone, mmoja amimine unga, mmoja akoroge. Inafaa sana kwa kikundi. Anzeni na vikombe viwili vya mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha sukari, ili hata ikikataa, hasara iwe ndogo. Andikeni kila mlichonunua na kila mlichouza, siku kwa siku, kwa majuma matatu. Baada ya hapo daftari ndilo litakalowaambia kama ifuatwe au iachwe.

Jambo la mwisho ni la mchi. Katika kikundi chetu tulipatana kwamba kutwanga mchele wa adhirasamu si kazi ya binti mwenye mtihani mwaka huu. Kaka zake wana mikono. Baba akiwa nyumbani naye ana mikono. Kwa kuwa kazi hii inafanyika mchana, hakuna atakayesema alikuwa amelala.